MWEZI NI MMOJA, WATAZAMAO NI WENGI

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya mkutano wa Chama)



Nimeombwa niseme nanyi jioni hii juu ya jambo lenye manufaa kwa watu wote wa chama chetu, nami nimechagua habari za mwezi. Labda wako watakaoona ya kuwa ni jambo la watoto, maana mwezi hauandiki barua, hautozwi kodi, wala hauombi ruhusa kwa mkubwa wa ofisi. Lakini kila mwaka, siku chache kabla ya Idi, mwezi huingia ofisini mwetu na kukaa mezani pamoja nasi. Huyu asema umeandama, yule asema haujaandama. Huyu amefungua, yule angali amefunga. Na watu waliokula sahani moja mwaka mzima huanza kuitana waongo na wakaidi.

Sikuja kuamua shauri hilo. Mimi si shehe wala si padre, na hukumu ya dini ni ya wenye dini. Nimekuja kuonyesha jambo moja tu: ya kuwa mwezi ni mmoja, lakini mahali pa kuutazamia ni pengi, na ya kuwa watu wawili waaminifu waweza kuutazamia jioni ile ile, mmoja auone na mwenziwe asiuone, na wote wawili wakawa wamesema kweli. Ili tufike hapo, sharti kwanza tujue mwezi ni kitu gani, na mwendo wake ni upi.

Mwezi ni tufe la mawe na vumbi. Upana wake ni kilomita 3,474, yaani umezidi kidogo robo ya upana wa dunia. Hauna nuru yake wenyewe. Nuru tuionayo ni ya jua, iliyoangukia mawe yale ikarudi kwetu. Tena mawe yenyewe ni meusi-meusi. Katika kila sehemu 100 za nuru iangukiayo mwezi, zirudishwazo ni kama 12 tu. Tukiuona mweupe kama maziwa ni kwa sababu umezungukwa na weusi wa usiku, kama vile nguo iliyofifia ionekanavyo nyeupe ikianikwa mbele ya ukuta wenye masizi.

Umbali wake kwetu, kwa wastani, ni kilomita 384,400, au maili 239,000 kasoro kidogo. Kama reli ingalitandikwa mpaka huko, gari la moshi liendalo kilomita 40 kwa saa, pasipo kusimama stesheni hata moja, usiku na mchana, lingefika baada ya siku 400. Nasema kwa wastani, kwa sababu njia ya mwezi si duara kamili. Mara nyingine husogea karibu mpaka kilomita 357,000 hivi, na mara nyingine huenda mbali mpaka kilomita 406,000 hivi. Lakini tofauti hiyo si sababu ya mwezi mpevu kuonekana mkubwa mno unapochomoza nyuma ya minazi. Ukubwa huo ni udanganyifu wa macho. Atakaye kujua, na achukue punje moja ya mbaazi, ainyoshe mbele yake kwa urefu wa mkono, afumbe jicho moja. Punje hiyo itaufunika mwezi mzima unapochomoza, na itaufunika vile vile ukiwa juu kichwani. Basi tumekwisha kupata fundisho la kwanza: macho ni shahidi mwema, lakini sharti aulizwe vizuri.

Sasa mwendo wake. Kila mtu ajua ya kuwa mwezi huchomoza mashariki na kutua magharibi. Lakini mwendo huo si wa mwezi hasa. Ni wa dunia yetu, ambayo hujipindua yenyewe kuelekea mashariki mara moja kwa siku, hata jua, mwezi na nyota zote zikaonekana kama zinakwenda magharibi. Mwezi una mwendo wake mwingine ulio kinyume cha huo, nao ni wa polepole. Fikirini abiria aliyepanda gari la moshi Dar es Salaam kwenda Kigoma. Gari lampeleka magharibi. Lakini yeye ameinuka, anatembea ndani ya behewa kuelekea nyuma, kwenda mashariki. Aliye chini stesheni atamwona akipita kwenda magharibi pamoja na gari zima; aliye ndani ya behewa atamwona akienda mashariki. Wote wawili wameona sawasawa. Hivyo ndivyo mwezi ulivyo: mbingu yote yauchukua magharibi, nao watembea mashariki katikati ya nyota.

Kuliona jambo hili hakuhitaji chombo. Usiku mmoja tafuteni nyota ing'aayo iliyo jirani na mwezi, mwangalie tena baada ya saa moja, kisha baada ya saa nyingine. Mtaona mwezi umesogea mashariki ya nyota ile, kila saa karibu upana wake wenyewe. Wataalamu wa falaki huligawanya duara la mbingu katika nyuzi 360. Upana wa mwezi ni kama nusu ya uzi mmoja, na kwa siku nzima husogea kama nyuzi 13. Kwa sababu hiyo mwezi huchelewa kuchomoza kila siku, kwa wastani kama dakika 50. Maji ya bahari nayo, yafuatayo mwezi, huchelewa kujaa kwa kiasi hicho hicho. Wavuvi wetu walijua hesabu hiyo kabla ya saa za mkononi kuletwa pwani.

Tuje sasa katika kukua na kupungua. Wako wadhanio ya kuwa mwezi ukiwa nusu, ile nusu nyingine imefunikwa na kivuli cha dunia. Sivyo. Usiku huu mtakaporudi nyumbani, washeni taa moja chumbani, zimeni nyingine zote, na mshike chungwa mbele ya uso kwa mkono ulionyoshwa. Taa ni jua, chungwa ni mwezi, na kichwa chako ndicho dunia. Chungwa likiwa upande wa taa, ubavu uliopata nuru umeelekea taa, nawe waona ubavu wa giza tu. Huo ndio mwezi usioonekana. Geuka polepole pamoja na chungwa lako, na utaona ukingo mwembamba wa nuru. Ukigeuka robo ya duara, utaona nusu. Ukiipa taa mgongo na kuliinua chungwa juu kidogo ya kichwa, utaliona limejaa nuru lote. Endelea kugeuka, na nuru itapungua upande ule mwingine. Wakati wote taa imeliangazia chungwa nusu kamili, si zaidi wala si pungufu. Kilichobadilika ni mahali unapolitazamia.

Kutokana na jambo hilo yapatikana kanuni ambayo mtu hawezi kuisahau akiielewa mara moja. Mwezi mchanga hukaa karibu na jua, kwa hiyo huonekana magharibi baada ya jua kutua, nao hutua upesi. Mwezi wa nusu unaokua huwa juu kichwani wakati wa machweo, na hutua yapata saa 6 usiku. Mwezi mpevu umeelekeana na jua, kwa hiyo huchomoza jua linapotua. Mwezi wa nusu unaopungua huchomoza yapata saa 6 usiku, na asubuhi tukienda kazini huwa ungali juu, mweupe kama kipande cha wingu. Atakayewaambia ya kuwa aliuona mwezi mwembamba ukichomoza mashariki wakati wa magharibi, huyo mwambieni kwa upole akatazame tena.

Katika usiku wa kwanza na wa pili wa mwezi mchanga, wenye macho mazuri huona pia sehemu iliyobaki ya mwezi, hafifu kama moshi ndani ya ule ukingo wa nuru. Nuru hiyo imetoka kwetu. Jua limeiangaza dunia, bahari na mawingu yetu yameirudisha nuru mpaka mwezini, na mwezi umeturudishia tena. Leonardo da Vinci, Mtaliani, alikwisha kulieleza jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 16.

Yafaa tuseme pia hesabu ya siku. Mwezi huizunguka dunia na kurudi kwenye nyota ile ile kwa muda wa siku 27, saa 7 na dakika 43. Lakini tangu mwezi mmoja kuandama hata mwingine ni siku 29, saa 12 na dakika 44, kwa wastani. Kwa nini siku mbili na zaidi zimeongezeka? Tazameni saa ya ukutani. Saa 12 kamili mishale yote miwili imelaliana. Mshale mrefu hulizunguka duara zima ukarudi mahali pale pale, lakini haumkuti mwenzake, kwa maana mshale mfupi umekwisha kusogea mpaka saa 1. Sharti mshale mrefu uendelee dakika 5 na zaidi ndipo ukutane naye. Vivyo hivyo mwezi ukimaliza duara yake hukuta jua limekwisha kusogea, kwa sababu dunia nayo inalizunguka jua. Basi mwezi huongeza siku mbili na kitu ili ulifikie.

Siku 29 na nusu haziandikiki katika kalenda, maana hakuna awezaye kufunga nusu ya siku. Kwa hiyo miezi mingine ina siku 29 na mingine 30. Miezi 12 ya namna hii hufanya siku 354, hivi 11 pungufu ya mwaka wa jua. Ndiyo sababu Ramadhani na Mfunguo Mosi hurudi nyuma kila mwaka, hata baada ya miaka 33 hivi vikawa vimezunguka majira yote, ya mvua na ya kiangazi. Bamvua nazo hufuata hesabu hii. Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, jua na mwezi huvuta maji katika mstari mmoja. Maji hujaa sana na kupwa sana, na miamba ikawa wazi kwa watafutao pweza. Mwezi ukiwa nusu, vivutio hivyo viwili hupingana, na maji huwa mafu.

Mabwana na Mabibi, sasa nafika mahali ambapo vitabu tulivyosomea vimewatia watu wengi katika shaka. Picha nyingi za vitabu hivyo zauonyesha mwezi mchanga umesimama wima, ubavu wake wa kuume una nuru. Mwanafunzi wa huku hutoka nje jioni akauona umelala chali kama mtumbwi majini, ncha zote mbili juu. Hapo huwaza ya kuwa ama kitabu kimekosea ama macho yake yamekosea. Wala kitabu hakikukosea, wala macho. Aliyechora picha aliuchora mwezi wa London, na mwanafunzi ameutazama mwezi wa nchi yake.

Sababu ni hii. Ubavu wenye nuru huelekea jua siku zote. Kwetu, karibu na mstari wa ikweta, jua hutua karibu wima, kama jiwe liangukalo kisimani, na mwezi mchanga hulifuata nyuma katika njia ile ile. Basi jua huwa chini ya mwezi hasa, na nuru ikawa upande wa chini: huo ndio mtumbwi. London jua hutua kwa mshazari kuelekea kuume. Jua lililozama liko chini upande wa kuume wa mwezi, na nuru huelekea huko. Cape Town jua hutua kwa mshazari kuelekea kushoto, na mwezi mchanga wa huko una nuru kushoto. Hata hapa kwetu mtumbwi haukai sawa mwaka mzima. Miezi mingine huinamia kaskazini, miezi mingine kusini, kwa kuwa njia ya jua na mwezi katikati ya nyota haikukaa sawa na ikweta. Watu wa nchi nyingi wamedhani ya kuwa mwezi ulioinama humwaga mvua. Lakini kuinama huko huweza kuhesabiwa miaka mingi mbele, na mvua haihesabiki hivyo.

Uso wa mwezi nao una mambo yake. Ulaya walisimulia tangu zamani habari za mtu aliyebeba mzigo wa kuni; Uchina walisimulia habari za sungura. Madoa yale ni tambarare za mawe meusi yaliyotoka ndani ya mwezi yakiwa moto, zamani sana. Galileo alipouelekezea mwezi darubini yake mwaka 1609 aliona milima na mabonde, na mwaka uliofuata akayachapa aliyoyaona. Sisi wa ikweta twaweza kuona jambo ambalo watu wa kaskazini hawalioni vizuri: tazameni madoa ya mwezi mpevu unapochomoza mashariki, kisha mwamke alfajiri muyatazame unapotua magharibi. Picha yote imepinduka, ya juu yamekuwa chini. Mwezi haukujipindua, ni sisi tulioutazama kwanza tukielekea mashariki, kisha tukielekea magharibi.

Na uso huo ni mmoja siku zote. Mwezi hujizungusha mara moja katika muda ule ule uizungukao dunia, kama mcheza ngoma azungukaye duara huku uso wake umeelekea katikati. Kwa kuwa hutikisika kidogo, tukitazama siku nyingi twaweza kupata kuona sehemu 59 katika 100 za uso wake. Zilizobaki hapana binadamu aliyeziona mpaka tarehe 7 Oktoba 1959, chombo cha Warusi kiitwacho Luna 3 kilipopita nyuma ya mwezi na kuzipiga picha.

Tuseme kidogo juu ya kupatwa kwa mwezi, maana hapo ndipo kivuli cha dunia kinapoingia kweli. Kikiingia, mwezi sharti uwe mpevu, na dunia iwe katikati yake na jua. Kwa nini basi haupatwi kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5 kuliko njia ya jua, na mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli. Tarehe 7 Septemba 2025 ulipatwa wote mbele ya watu wa Afrika Mashariki. Kivuli kilianza kuugusa yapata saa 1 na nusu usiku. Tangu saa 2 na nusu hata saa 4 kasoro dakika 7, muda wa dakika 82, ulikuwa wote ndani ya kivuli, nao ulikuwa mwekundu kama shaba. Wekundu huo ni nuru ya mawio na machweo yote ya dunia, iliyopenya hewa yetu na kuangukia mwezi. Mahali pengi hapo kale watu walipiga ngoma na kugonga masufuria ili mwezi uachiliwe. Leo saa na dakika ya kupatwa huandikwa miaka mingi mbele, na mwezi hutii. Wapendao kungoja, na waiweke jioni ya tarehe 31 Desemba 2028.

Basi twaweza kuuliza: ikiwa hesabu yaweza kutaja dakika ya kupatwa, kwa nini haimalizi ubishi wa kuandama? Jibu ni kwamba kukutana kwa mwezi na jua ni jambo la mbinguni, nalo hutukia kwa dakika moja kwa dunia nzima. Lakini kuonekana kwa mwezi ni jambo la mahali, la anga, na la jicho. Mwezi ukiwa karibu mno na jua hauonekani. Mfaransa André Danjon alionyesha katika miaka ya 1930 ya kuwa ukiwa chini ya nyuzi 7 hivi kutoka kwenye jua, hakuna ukingo wa nuru wa kuonekana. Na kwa macho matupu ni vigumu sana kuuona kabla haujatimiza saa 15 tangu kukutana na jua.

Tufanye mfano. Tuseme mwezi umekutana na jua saa 6 usiku kwa saa zetu. Jioni ifuatayo jua latua Dar es Salaam saa 12 na nusu. Mwezi una umri wa saa 18 na nusu. Anga ikiwa safi, mwenye macho mazuri aliyekaa mahali pazuri aweza kuuona. Jirani yake aliyezuiwa na wingu dogo hataona kitu. Jakarta, kule Indonesia, jua lilitua saa nne na nusu kabla yetu. Mwezi wao ulikuwa na umri wa saa 14 tu, wala haukuonekana. Dakar, kule Senegal, jua litatua karibu saa nne baada yetu. Mwezi wao utakuwa na umri wa saa 22, nao watauona kwa urahisi zaidi. Jioni ni ile ile moja, na mwezi ni ule ule mmoja. Hata ndani ya nchi moja, jua hutua Kigoma kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na katika dakika hizo mwezi umezidi kujitenga na jua.

Wako wasemao, Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, basi hazina tofauti. Ni kweli kwamba mstari ni karibu mmoja. Lakini Makka iko zaidi ya nyuzi 21 kaskazini ya ikweta, na Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini. Njia ya mwezi husimama wima zaidi katika mji mmoja na kulala mshazari katika mwingine, kwa kadiri ya majira. Na mwezi uliolala mshazari hutua mapema, ukazama katika wekundu wa machweo. Tofauti hizi si siri mpya. Al-Battani, aliyefariki mwaka 929, na al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, waliandika sana juu ya mwendo wa mwezi, na wengi katika wana wa elimu hiyo walitafuta kanuni za kuandama kwake.

Sisi Wakristo nasi tusicheke. Pasaka yetu hufuata mwezi: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu uangukao tarehe 21 Machi au baada yake. Mwezi huo hautazamwi kwa macho, husomwa katika majedwali ya Kanisa. Na kwa kuwa Makanisa ya Mashariki yana majedwali yao, miaka mingi Pasaka yao na yetu hazilingani. Kwa hiyo hata wale walioacha kutazama angani hawakuacha kutofautiana.

Katika ofisi moja, ambayo si lazima kuitaja, karani mmoja alirudi kutoka safari ya magharibi akasema ameuona mwezi jioni ile ambayo wenzake wa pwani walikuwa chini ya mawingu. Wakamwita mwongo mbele ya watu. Naye alikuwa mzee wa makamo, asiyezoea kuitwa hivyo. Akaacha kula nao. Miezi michache baadaye alifiwa na mtoto, na waliokwenda kumzika walikuwa wachache. Mabwana na Mabibi, mawingu ya jioni moja yaliwagharimu watu wale ujirani wao. Kama mmoja wao angalijua ya kuwa Kigoma hulitazama jua dakika 40 zaidi kuliko pwani, pengine asingalitamka neno lile.

Kwa hiyo naomba chama chetu kishike mambo matatu. La kwanza, mtu akisema ameuona mwezi, tusimwulize kwanza ni mtu wa kundi gani. Tumwulize alisimama wapi, ulikuwa juu kiasi gani ya mahali jua lilipotulia, na ncha zake zilielekea wapi. Aliyeuona kweli hujibu upesi. La pili, tujue kazi ya hesabu. Hesabu yaweza kusema kwa hakika ya kuwa jioni fulani mwezi hauwezi kuonekana, kwa mfano ukiwa umetua kabla ya jua. Lakini haiwezi kumwapisha mtu ya kuwa ameuona. Kutangaza ni kazi ya wenye mamlaka hayo, kama Mufti kwa Tanzania na Kadhi Mkuu kwa Kenya. La tatu, wale wapangao zamu za kazi waache nafasi siku zote mbili, ili afunguaye leo na afunguaye kesho wote wapate kusali pasipo kugombana, na wasio Waislamu wawashikie kazi kwa moyo mwema, kama wao wawashikiavyo wenzao wakati wa Krismasi na Pasaka.

Kisha, kila mmoja wetu na atoke nje jioni. Utazamaji wa mwezi hauna malipo, hauhitaji cheti, nao ni elimu ambayo mtoto na babu yake waweza kuisoma wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Mtu akizoea kuutazama mwezi kwa macho yake mwenyewe, na kukumbuka ya kuwa mwenziwe amesimama mahali pengine, hatakuwa mwepesi wa kumwita mwenziwe mwongo.